Unga wa nisini: kihifadhi kinachozishinda spora zilizokwisha kujeruhiwa

Unga wa nisini unaouzwa kwa viwanda vya chakula, ule wenye asilimia 2.5 ya nisini halisi huku sehemu kubwa iliyobaki ikiwa chumvi ya kawaida na maziwa makavu yasiyo na mafuta, ni bidhaa nzuri ambayo mara nyingi huuzwa kwa sifa isiyo yake. Wauzaji wengi huunadi kama dawa ya kuua spora za bakteria, yaani lile umbo gumu la usingizi ambalo baadhi ya bakteria hujigeuza kuwa ili kustahimili mazingira mabaya. Baada ya kuutumia katika maabara ya ubora, kwa vyakula vya makopo na kwa jibini iliyosindikwa, naona kwamba sifa hiyo humpotosha mnunuzi, kwa sababu spora nzima ambayo haijaguswa na joto wala kemikali hudhurika kidogo sana na nisini, ilhali ile iliyopata jeraha lisiloiua hushindwa nayo hata kwa kipimo kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama fedha ya mnunuzi imekwenda mahali pake, na ndiyo nitakayoishughulikia kuliko jambo jingine lolote katika tathmini hii.

Bidhaa yenyewe si ngeni. Nisini ni protini ndogo yenye asidi amino 34, inayotengenezwa na bakteria wa maziwa aitwaye Lactococcus lactis. Mwaka 1928 watafiti wa Marekani waliona kwamba baadhi ya bakteria hao hutoa kitu kinachowazuia bakteria wengine wa maziwa wasikue. Jina la nisini lilitolewa nchini Uingereza mwaka 1947, na mwaka 1951 ilielezwa namna inavyoweza kuwadhibiti bakteria wa jamii ya Clostridium, ambao huivimbisha jibini kwa gesi. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayoshughulikia viungio vya chakula iliikubali mwaka 1969, Marekani ikaikubali mwaka 1988, na katika Umoja wa Ulaya inatambulika kwa namba E234. Vimeng'enya vya tumboni huikatakata kama protini nyingine yoyote tunayoila, jambo ambalo ni sababu mojawapo ya kuaminiwa kwake kwa muda mrefu hivyo.

Kuhusu matumizi ya kila siku, unga ni laini, una rangi ya maziwa inayoelekea hudhurungi hafifu, na ukionjwa ni chumvi tupu. Gramu moja hubeba yuniti milioni moja (yuniti ni kipimo cha nguvu ya nisini), sawa na miligramu 25 za nisini halisi, na ni vyema mnunuzi akalikumbuka hilo, kwa kuwa maelezo ya bidhaa huruka kutoka yuniti hadi miligramu za unga na kutoka miligramu za unga hadi miligramu za nisini bila kuonya. Jibini iliyosindikwa kwa kawaida hupewa miligramu 5 hadi 15 za nisini kwa kilo, yaani miligramu 200 hadi 600 za unga, na sheria za mahali husika zinaweza kuweka kikomo cha chini kuliko hicho cha juu. Mboga za kopo hupewa kidogo zaidi, takriban miligramu 2.5 hadi 5 za nisini. Kipimo kidogo namna hiyo kikimwagwa moja kwa moja katika mchuzi mzito wa moto hujikusanya kuwa mabonge, na matokeo yake sehemu moja ya pipa hupata nisini ya kupindukia na sehemu nyingine haipati kitu. Njia inayofaa ni kuuyeyusha kwanza katika maji ya vuguvugu yenye asidi kidogo, kisha kuyachanganya maji hayo na chakula kabla ya kukipasha joto. Maji hayo hugeuka kuwa na ukungu mweupe kwa sababu ya protini za maziwa, na ukungu huo usimtie mtu hofu kwamba unga umeharibika.

Hayo ni ya juujuu. Ili mnunuzi aelewe kwa nini jeraha ni sehemu ya lazima ya kazi ya unga huu, inambidi ajue namna spora ilivyojengwa. Kiini chake, ambamo zimo DNA na vimeng'enya vyote vitakavyohitajika itakapoamka, kimekaushwa hadi maji yakawa kati ya asilimia 25 na 50 tu ya uzito wake, kulingana na aina ya bakteria, ilhali seli inayokua huwa na karibu asilimia 80. Nafasi ya maji imechukuliwa na asidi ya dipikoliniki iliyoshikamana na kalsiamu, ambayo peke yake hufikia asilimia 5 hadi 15 ya uzito mkavu wa spora nzima, na DNA imevikwa protini ndogo za pekee zinazoikinga dhidi ya joto na kemikali nyingi. Kiini hicho kimezungukwa na utando wa ndani ambao mafuta yake karibu hayasogei kabisa, na hata molekuli ndogo hupita humo kwa shida. Nje ya utando kuna gamba nene la peptidoglikani, wavu ule ule wa sukari na asidi amino unaojenga kuta za bakteria, na nje zaidi kuna koti la protini ambalo katika Bacillus subtilis limefumwa kwa protini za aina zaidi ya 70.

Sasa tuitazame nisini mbele ya ngome hiyo. Inachokitafuta ni molekuli iitwayo lipidi II, ambayo seli huitumia kujenga ukuta wake. Nisini huikamata molekuli hiyo na kuitumia kama nguzo ya kutoboa matundu katika utando, na seli hupoteza umeme wake wa utando pamoja na chembe zilizomo ndani. Spora iliyolala haijengi ukuta wowote, haizalishi nishati, na haina umeme wa utando wa kupotezwa. Inaweza kukaa ndani ya mchuzi wenye nisini bila kudhurika, kwa kuwa silaha hiyo imetengenezwa kwa ajili ya adui aliye hai na anayefanya kazi.

Kinachotokea spora inapoamka kinaonekana vizuri kwa macho, na kwa maoni yangu kila mnunuzi mwenye hadubini angepaswa kukitazama kabla ya kutia saini hati ya manunuzi. Ninasema juu ya hadubini ya aina inayogeuza tofauti za unene wa vitu kuwa tofauti za mwanga na giza. Humo spora iliyolala hung'aa kama chembe ya kioo, kwa kuwa kiini chake kikavu huukunja mwanga kwa nguvu. Ukiipa chakula inachokitambua, kwa mfano asidi amino ya alanini, baada ya muda mfupi mng'ao huzimika ghafla na chembe hugeuka kuwa nukta nyeusi: asidi ya dipikoliniki imemwagika nje, maji yameingia, gamba limeanza kuliwa na vimeng'enya. Katika tone lisilo na nisini, nukta hizo huvimba, hurefuka kuwa vijiti, kisha vijiti hugawanyika. Katika tone lenye nisini ya kutosha, mng'ao huzimika kama kawaida, lakini mambo huishia hapo hapo. Nukta hubaki nukta, hairefuki wala haigawanyiki. Kwa hiyo nisini haizuii kuamka. Huizuia spora iliyoamka isifike kwenye ukuaji, kwa kuushika utando wake katika muda ule mfupi ambao ulinzi umeshavuliwa na nguvu za seli bado hazijajengwa.

Kutokana na hilo, swali la mnunuzi linapaswa kuwa hili: ni kitu gani kinachoufanya muda huo wa udhaifu uwe mrefu zaidi? Jibu ni jeraha. Joto lenye unyevu huiua spora hasa kwa kuharibu protini muhimu zilizomo katika kiini, wala si kwa kuivunja DNA, na kabla ya kufikia kiwango cha kuua huwa limekwisha kuacha uharibifu mdogo mdogo mahali pengi. Vimeng'enya vya kulila gamba huwa vimepungua, utando wa ndani huwa haushiki sawasawa, na vimeng'enya vya kuzalisha nishati vilivyobaki havitoshi. Spora ya namna hiyo bado i hai, na ikiwekwa penye chakula kizuri kisicho na kizuizi itajikarabati na kukua, ila kwa kuchelewa. Maelezo ninayoyaona kuwa ya busara zaidi ni kwamba kuchelewa huko, yaani muda wa ukarabati, ndiko kunakoipa nisini nafasi. Utando ambao tayari unavuja hauhitaji matundu mengi ili ushindwe kabisa.

Katika sahani za agari, ile jeli yenye lishe ambayo bakteria hupandwa juu yake ili wahesabiwe, jambo hili halihitaji hesabu ngumu. Chukua maji yaleyale yenye spora, yagawe mara mbili, pasha nusu moja kwa joto kali lisilotosha kuziua zote, kisha panda kila nusu katika agari ya kawaida na katika agari yenye kiasi kidogo cha nisini. Spora zisizopashwa joto huota katika sahani zote mbili kwa idadi inayokaribiana. Zile zilizopashwa huota katika agari ya kawaida, ingawa makundi yake, yaani madoa ya bakteria yanayotokana na kila spora, huwa madogo na mengine hujitokeza kesho yake wakati yale ya mwanzo yamekwisha kutanda. Katika agari yenye nisini, sahani huwa karibu tupu. Nisini ni ileile na kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni hali ya spora zilizofika pale.

Hapo ndipo unga huu unapoonyesha thamani yake kwa watengenezaji wa vyakula vya makopo visivyo na asidi, vile ambavyo pH yake (kipimo cha asidi, ambacho kikiwa kidogo asidi huwa nyingi) ni zaidi ya 4.6. Sheria ya msingi ya vyakula hivyo ni kwamba joto lazima litoshe kuzipunguza spora za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kuua katika chakula, kwa mara kumi, mara kumi na mbili mfululizo. Kwa kuwa spora hizo, katika nyuzi 121 za Selsiasi, hupungua mara kumi kwa kila dakika 0.21, hesabu hutoa dakika 2.52, na watengenezaji huizungushia kuwa dakika 3. Joto hilo humlinda mlaji. Haliwatoshi, hata hivyo, bakteria wapenda joto kama Geobacillus stearothermophilus, ambao spora zao zinaweza kuhitaji dakika 4 katika joto hilohilo ili zipungue mara kumi tu. Dakika 3 haziwafikishi hata kwenye hatua ya kwanza. Mtu akitaka kuwapunguza mara laki moja kwa joto pekee itambidi apike kwa dakika 20, na mbaazi zitakazotoka katika kopo hilo zitakuwa uji.

Bakteria hao hawasababishi ugonjwa, lakini kopo likikaa mahali penye joto jingi huamka na kukichachusha chakula. Geobacillus stearothermophilus hufanya hivyo bila kutoa gesi, hivyo kopo hubaki bapa na mteja hugundua uchachu akiwa mezani. Jamaa yake wa mbali, Thermoanaerobacterium thermosaccharolyticum, hutoa hidrojeni hadi kopo likavimba na pengine kupasuka. Nisini ina uwezo mkubwa dhidi ya wote wawili, kwa sababu dakika 3 zile ambazo hazikuwaua zimekwisha kuwajeruhi. Mtengenezaji anaweza kubaki na joto la usalama bila kuongeza dakika hata moja, akaongeza miligramu chache za nisini, na chakula kikabaki na umbo, rangi na ladha yake. Sijaona kihifadhi kingine cha asili kinachoifanya kazi hii kwa kipimo kidogo namna hii, na kwa kazi hii naupa unga alama za juu bila kusita.

Wazo la kumjeruhi adui kwa kitu kimoja na kummaliza kwa kingine lilikuwapo katika nyama ya kopo muda mrefu kabla ya watu kuliandikia maelezo. Nyama iliyotiwa chumvi na nitraiti hupikwa kwa joto lililo chini sana ya zile dakika 2.52, nayo hukaa rafuni kwa muda mrefu bila kuharibika. Katika miaka ya 1960 watafiti nchini Uingereza walionyesha, kwa kutumia Clostridium sporogenes, kwamba spora zilizopashwa joto hupoteza uwezo wa kukua katika chumvi ambayo spora zisizopashwa huivumilia. Chumvi haikuziua wala joto halikuziua; viwili hivyo vilisaidiana. Nisini imeingia katika desturi hiyo ikiwa na makali zaidi na ladha isiyosikika.

Kuna upande mwingine wa joto ambao vipeperushi vya wauzaji huunyamazia, na ambao humchanganya mtu anayejaribu bidhaa hii kwa mara ya kwanza. Joto la wastani, tuseme nyuzi 70 au 80 kwa dakika kadhaa, halizijeruhi spora nyingi, huziamsha. Spora zilizopitia joto hilo huota haraka zaidi na kwa pamoja zaidi kuliko zisizopashwa, na hesabu ya makundi katika sahani inaweza hata kupanda. Mtengenezaji wa mchuzi uliopashwa kidogo akiona idadi imepanda hudhani kwamba unga ni bandia. Unga hauna kosa. Spora hizo zimeamshwa zikiwa na afya, nisini hukutana nazo zikiwa na nguvu zote za ukarabati, na kipimo kilichotosha kwa zile za kopo hakitoshi kwa hizi. Zinaweza kuzuiwa, kwa kuwa zimeamka kwa pamoja na zote zimevua ulinzi, lakini kwa kipimo cha juu zaidi na kwa uhakika mdogo zaidi.

Lalamiko langu kubwa halihusu unga bali ushahidi unaouza unga huu. Spora iliyojeruhiwa ina tabia inayomsumbua kila mwenye kuihesabu: inaweza kuonekana imekufa katika sahani moja na kufufuka katika nyingine. Mwaka 1950 ilikwisha kuonyeshwa kwamba kuongeza wanga katika agari kunarudisha idadi ya spora zilizopashwa joto, kwa kuwa wanga hunyonya asidi za mafuta zilizomo katika agari ambazo spora nzima hazizijali, ilhali zilizojeruhiwa haziwezi kuzistahimili. Mfano wa hatari zaidi ni wa zile aina za Clostridium botulinum zinazoweza kukua katika ubaridi. Joto huviharibu vimeng'enya vyake vya kulila gamba, hivyo spora hubaki imefungiwa ndani ya gamba lake mwenyewe na sahani husema imekufa; ukiongeza lisozimu, kimeng'enya ambacho kimo katika ute wa yai na vyakula vingine kadhaa, gamba hutobolewa kutoka nje na sehemu ya spora hizo huota.

Maana yake kwa mnunuzi ni nzito. Jeraha lilelile linaloipa nisini ushindi linaweza pia kumpa muuzaji takwimu nzuri kuliko ukweli, endapo spora zimehesabiwa katika agari duni, au endapo mabaki ya nisini yamebebwa kutoka katika chakula hadi katika sahani ya kuhesabia na kuendelea kuzizuia humo. Sahani ikiwa tupu, haielezi kama spora imekufa, imelala, au imezuiwa tu hadi itakapopata mazingira mazuri. Mtengenezaji anapaswa kufanya jaribio ndani ya chakula chake chenyewe, ndani ya kopo lake mwenyewe, na kukiweka katika joto baya kabisa ambalo bidhaa yake itakutana nalo, kisha asubiri. Ni jaribio la polepole linalochosha, na kwa hiyo wengi hulikwepa.

Chakula chenyewe pia kina kauli. Nisini hupenda asidi: katika pH 2 huyeyuka vizuri na inastahimili nyuzi 121 kwa dakika 15 bila kupoteza nguvu, lakini kadiri pH inavyokaribia 7 ndivyo inavyoyeyuka kidogo na kuharibika haraka. Katika jibini iliyosindikwa, ambayo pH yake huwa karibu na 5.6 hadi 6, sehemu ya asilimia 15 hadi 20 ya nguvu yake hupotea wakati wa kupasha joto, na nyingine hupotea taratibu wakati wa kuhifadhi, kwa hiyo kipimo hupangwa kwa kuangalia siku ya mwisho ya bidhaa rafuni wala si siku ya kutengenezwa. Mafuta huivuta nisini na kuiondoa katika maji ambamo spora zimo. Salfaiti huiharibu, na vimeng'enya vya kukata protini vilivyomo katika nyama mbichi au katika baadhi ya viungo huila. Dhidi ya ukungu na hamira haina kazi yoyote, na dhidi ya bakteria wa Gramu hasi kama Salmonella na E. coli haifanyi kitu cha maana ikiwa peke yake, kwa kuwa utando wao wa nje huizuia isifike inakolenga.

Hata miongoni mwa wenye spora, usikivu unatofautiana sana. Geobacillus stearothermophilus hushindwa na kipimo kidogo. Bacillus cereus ni sugu zaidi. Na ndani ya Clostridium botulinum, aina ya A ni ngumu zaidi kuzuiwa kuliko aina ya E. Ndiyo sababu hakuna mtaalamu makini anayeruhusu nisini ichukue nafasi ya zile dakika 3 za joto katika chakula kisicho na asidi. Nimewahi kusoma kipeperushi kilichodokeza kwamba joto linaweza kupunguzwa nusu ili kuokoa nishati kwa sababu nisini ingeziba pengo. Hilo ni pendekezo la kumweka mlaji hatarini, na pia linaikata nisini mguu wake mwenyewe, kwa kuwa joto likipunguzwa majeraha nayo hupungua, na spora zinazofika mbele ya kihifadhi huwa na afya zaidi.

Nimeulizwa kama majeraha ya kemikali yangeweza kufanya kazi ya joto, hasa na watu wanaosafisha mitambo kwa klorini au ozoni na kutarajia kwamba chakula kitakachopita humo baadaye kitakuwa na kazi nyepesi. Msingi wa wazo hilo ni wa kweli. Imeonyeshwa kwa Bacillus subtilis kwamba spora zinazobaki hai baada ya kushambuliwa na hipokloraiti, klorini dayoksaidi, ozoni au peroksaidi za kikaboni huwa na utando wa ndani ulioharibika, nazo baadaye hufa kwa urahisi zaidi zikipashwa joto na hushindwa kukua katika chumvi nyingi. Koti la protini likiondolewa, lisozimu ambayo awali haikuwa na athari huweza kuipasua spora. Katika ufungaji wa maziwa na maji ya matunda, peroksaidi ya hidrojeni hutumiwa pamoja na joto, na imeonyeshwa kwamba ikiunganishwa na mwanga wa urujuanimno huua spora kuliko jumla ya athari za viwili hivyo vikitumika mbalimbali. Lakini majeraha hayafanani. Peroksaidi ya hidrojeni huumiza zaidi protini za kiini, glutaraldehaidi huzifunga protini za nje zisiachane, formaldehaidi huishika DNA, na kila jeraha huifungulia mlango silaha tofauti. Nisini inahitaji utando uliodhoofika katika spora inayoweza bado kuamka. Spora iliyofungwa na glutaraldehaidi hata isiamke haiipi nisini kazi ya kufanya, ingawa kwa mwenye kiwanda matokeo yanaweza kuonekana mamoja. Kwa kusafisha mitambo, basi, sioni sababu ya kununua unga huu. Dawa za kuoksidisha zinatosha, na ni za bei ndogo.

Kuhusu utunzaji, chumvi iliyomo huvuta unyevu mara kopo linapofunguliwa, na unga uliogandamana haupimiki kwa usahihi. Ukihifadhiwa pakavu, gizani na chini ya nyuzi 25, hukaa kwa takriban miaka miwili bila kupoteza nguvu inayosomeka. Mfuniko wa chombo nilichopewa haukufunga sawasawa, kasoro ndogo lakini isiyosameheka kwa bidhaa inayopimwa kwa miligramu. Uwepo wa maziwa lazima utajwe katika lebo ya chakula kwa ajili ya walaji wenye mzio, na kwa wasiotaka maziwa kuna nisini inayochachushwa katika malighafi za mimea, ambayo katika majaribio niliyoyaona haikuwa na upungufu wowote wa nguvu.

Ninachokihitaji zaidi kwa sasa ni karatasi ya vipimo iliyoandikwa na mtu anayejua spora ni kitu gani. Niliyopokea pamoja na shehena ya mwisho ilikuwa na jedwali lenye safu mbili, ya kiasi cha nisini na ya spora zilizobaki. Haikutaja spora zilikuwa za aina gani, zilipashwa joto kiasi gani kabla ya kukutana na nisini, pH ilikuwa ngapi, wala zilihesabiwa katika agari ipi na baada ya siku ngapi. Nimeirudisha kwa muuzaji nikimwomba aongeze safu hizo, na agizo linalofuata linasubiri jibu lake.